1257L imegeuka 1161L

Wifi yangu alinitumia picha ya hati yake ya mshahara usiku, nikiwa natoka zamu. "Wifi, namba yangu ya kodi ilikuwa 1257L, leo naona 1161L. Nimekosa nini?"

Hajakosa kitu. Mwezi wa nne alichukua gari la umeme kupitia kazini, aina ileile niliyochukua mimi. Sote ni wauguzi hapa Leicester na mishahara yetu inakaribiana, kwa hiyo nilikaa mezani nikamfungulia daftari langu.

Kwa ajili ya gari tunaachia paundi 450 za mshahara kila mwezi, zinakatwa kabla mshahara haujaguswa na kodi. Kwa sisi tunaotozwa asilimia 20, pamoja na asilimia 8 ya Bima ya Taifa (mchango wa lazima kwa serikali), paundi 126 kati ya hizo tusingeziona hata bila gari. Kinachopungua mkononi ni 324.

Sasa hiyo namba. Gari la mwajiri unaloendesha hadi nyumbani, hapa Uingereza huhesabiwa kuwa sehemu ya ujira, na ujira una kodi. Ila kwa gari la umeme kodi haipigwi kwenye zile 450. Inapigwa kwenye bei ya gari katika orodha, na letu ni paundi 32,000. Mwaka wa kodi 2025/26 kiwango ni asilimia 3 ya bei hiyo, yaani paundi 960 zinazohesabiwa kuwa ujira. Namba ya kodi huonyesha paundi zisizotozwa kodi kwa mwaka, tarakimu ya mwisho ikiachwa: 1257L ni 12,570. Toa 960, zinabaki 11,610. Hiyo ndiyo 1161L yake. Kwa fedha taslimu, asilimia 20 ya 960 ni 192 kwa mwaka, yaani paundi 16 kwa mwezi, basi. Kiwango kinapanda hadi asilimia 4 mwaka 2026/27, 5 unaofuata, kisha 7, kwa hiyo namba itashuka tena na nimemwambia asishtuke.

Angechukua la petroli, mambo yangekuwa mengine kabisa. Tangu Aprili 2017, gari linalotoa zaidi ya gramu 75 za kaboni dioksidi kwa kilomita hutozwa kwa kilicho kikubwa: thamani yake ya kikodi (ile asilimia ya bei ya orodha) au mshahara ulioachia. Nafuu ya kodi ya mapato inayeyuka, inabaki ya Bima.

Kinachoniuma mimi ni pensheni, na hapa nilimpigia simu kabisa. Mpango wa pensheni wa 2015 wa NHS, huduma ya afya ya taifa, unakuwekea kila mwaka sehemu moja ya 54 ya mshahara wako. Ukiachia 5,400 kwa mwaka (450 mara 12), umeachia paundi 100 za pensheni, si mara moja, bali kila mwaka utakaoishi baada ya kustaafu. Mkataba wa miaka mitatu ni paundi 300 kila mwaka, kabla ya nyongeza. Na kwa kuwa mchango wa pensheni nao hupungua, mkononi unaona ahueni, hushtuki. Mimi nililikubali hilo kwa kuwa zamu zangu huisha wakati hakuna basi. Lakini nililikubali nikiwa nimelipigia hesabu.

Alikuwa kimya kidogo. "Na malipo ya uzazi je?"

Nayo hupigwa kwenye mshahara uliobaki baada ya gari kukatwa.

"Basi kesho naanzia ofisi ya mishahara, wifi," akasema. Hapo ndipo nilipojua kwamba nakaribia kuwa shangazi.