Jinsi nilivyoondoa vishimo kwenye kathodi iliyokorogwa kwa maji

Katika masomo yangu ya uzamili nchini Ujerumani nilipewa kazi ya kutengeneza kathodi, yaani upande chanya wa betri ya lithiamu, kwa maji badala ya NMP, kiyeyushi ambacho viwanda hutumia kuyeyushia PVDF, gundi inayoshikanisha unga wa kathodi, na ambacho Umoja wa Ulaya umekiorodhesha miongoni mwa kemikali zinazodhuru uzazi. Gundi yangu ilikuwa CMC, itokanayo na selulosi ya mimea. Mama aliniuliza kwa simu kwa nini nisitumie mwani wa kwetu Paje, Zanzibar. Nikamweleza kwamba gundi ya alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia, ilhali wetu ni mwekundu na hutoa karajini.

Mara ya kwanza niliimwaga CMC yote majini kwa mkupuo, ikafanya madonge kama uji uliokorogwa vibaya, nje utelezi na ndani unga mkavu. Tangu hapo niliinyunyiza kidogo kidogo huku maji yakizunguka, nikaiacha ikorogeke usiku kucha, ndipo nikatia kaboni nyeusi ya kupitisha umeme, na mwisho unga wenyewe wa kathodi, oksaidi ya lithiamu, nikeli, manganizi na kobalti.

Lililonitesa hasa ni vishimo. Kila nilipopaka rojo hilo kwenye karatasi ya alumini, viputo vilichomoza kabla halijakauka, na lilipokauka lilibaki na matundu kama ya vibibi. Nilidhani ni hewa iliyonaswa wakati wa kukoroga, nikapoteza wiki mbili nikiivuta kwa pampu bila mafanikio. Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi au alkali, ndicho kilichonisuta, kwani kilisoma kati ya 11 na 12. Lithiamu ilikuwa ikitoka kwenye unga na kuyafanya maji kuwa alkali kali, nayo alumini, ambayo utando wake wa oksaidi huhimili takriban pH 4 hadi 9 tu, ikawa inaliwa na kutoa gesi ya haidrojeni, ndiyo viputo vile.

Nilitia asidi ya fosforiki tone kwa tone mpaka pH ikashuka karibu na 9, kisha nikapaka upesi, maana ukichelewa hupanda tena. Viputo vikakoma siku hiyohiyo. Kathodi hizo huzikausha usiku kucha katika tanuri la ombwe kwenye nyuzi 120, kwa sababu maji yakibaki huvunja chumvi ya elektroliti, kimiminika cha ndani ya betri, na kuzalisha asidi ya haidrofloriki. Tabaka nene bado hunipasukia likikauka haraka, kwa hiyo hupunguza joto la awali na kuvumilia.