Kumbuni ngamia wa sataranji

Kete nyingi za kubuni hazidumu, na nadhani ni kwa sababu mtu huanza na jina. Anataka joka au mzimu, ndipo ahangaike kulitafutia mwendo. Mimi naona tuanze na hesabu.

Farasi huruka mraba 1 upande mmoja na 2 upande mwingine. Badili namba tu: 1 na 3 ni ngamia, kete ya kale iliyokuwamo kwenye sataranji kubwa ya Timur, mtawala wa zamani wa Asia ya Kati; 2 na 3 ni punda milia, 1 na 4 ni twiga. Sasa hesabu miraba ambayo kila mmoja anaifikia kwa mruko mmoja ubao ukiwa mtupu. Kwa wastani farasi anafikia 5.25, ngamia 4.375, punda milia 3.75, twiga 3.5.

Wastani huo unaficha jambo. 1 na 3 ni 4, namba shufwa, kwa hiyo ngamia habadili rangi maisha yake yote: ana miraba 32 tu. Ukiweka ngamia wawili b1 na g1 (herufi ni safu ya wima, namba ni ya mlalo) badala ya farasi, mmoja atakaa kwenye nyeupe na mwingine kwenye nyeusi, na hawatalindana kamwe. Dawa yake ni kumruhusu pia hatua moja ya wima au ya mlalo.

Kisha jaribu ufunguzi, maana hapo ndipo kete huharibu mchezo. Ngamia wa b1 anakwenda a4, halafu d5, na tayari anamshika mfalme wa e8 pamoja na askofu wa c8. Kwa kuwa anaruka, huwezi kumkinga mfalme kwa kuweka kete katikati. Mweusi aliyeanza kwa askari wa e5 itabidi amsogeze mfalme e7. Askofu analindwa na malkia, lakini nafasi ya kumficha mfalme kwa ngome imeshapotea. Mweusi aliyesogeza askari e6 au c6 anamla ngamia kwa askari wake. Mtego wa namna hiyo naukubali, mradi jibu lipo.

Jaribu na mwisho wa mchezo. Panzi wa T. R. Dawson, mtunzi Mwingereza wa mafumbo ya sataranji, wa mwaka 1913, hufuata njia za malkia, ila lazima aruke kete moja na kutua mraba unaofuata. Ubao ukipungua kete, hana pa kurukia. Kwa mafumbo ni hazina. Kwa mchezo kamili simpendi sana. Jina lake, hata hivyo, ni la mfano: ukishalisikia, huulizi anaendaje.

Kwenye kuandika miondoko, ngome na ngamia vyote vinaanza na N, mfalme na malkia kwa M. Mpe ngamia G, malkia L, uamue kabla ya mchezo wa kwanza. Kete yenyewe haihitaji fundi: farasi aliyefungwa mpira wa noti shingoni anatosha. Panzi, kwenye michoro ya mafumbo, ni malkia aliyegeuzwa kichwa chini.