Kopi tano za nyimbo za barua: tulivyozirekodi Tanga

Bendi yetu ni ya rock, watu wanne: magitaa mawili, besi na dramu. Tulitaka EP, yaani albamu fupi, ya kopi tupu (nyimbo za wengine tunazozipiga upya), nyimbo tano, zote za barua: mwimbaji anatuma salamu, analalamika hajajibiwa, au anaaga. Tanga nyimbo za namna hiyo hukosi. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walipiga dansi hapa, Black Star na Lucky Star wakapiga taarabu yenye gitaa la umeme na besi, kwa hiyo hata taarabu haiko mbali na rock kama watu wanavyodhani. Wimbo uliotaja barua kwenye ubeti mmoja tu tuliuacha, hata kama gitaa lake ni tamu.

Anza na nakala ya kusikilizia. Dansi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo ukikatwa katikati na chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka, likahamia upande wa pili. Nakala za leo nyingi zimepitia kaseti, na kaseti ikikimbia sauti inapanda. Noti ya A ikisoma 452 Hz badala ya 440, umepanda karibu senti 47 (senti 100 ni nusu-toni moja), yaani karibu nusu ya nusu-toni. Usikaze nyuzi kuifuata. Shusha faili kwenye programu, ndipo mkae kujifunza.

Kazi kubwa iko kwenye magitaa. Dansi ina solo, solo la pili na rithim. Sisi tuna mawili. Tulibaki na masolo yote mawili, rithim tukaitupa, na kazi yake ikafanywa na hai-hati (matoazi mawili ya dramu) pamoja na besi. Pengo la gitaa la tatu halizibwi kwa kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), maana besi ya dansi inaishi kwenye nafasi zilizoachwa wazi, na kodi za rock zinazifukia zote. Mkwaruzo wa gitaa (distortion) nao una adabu yake. Solo la dansi hupenda nyuzi mbili kwa pamoja, na nyuzi mbili zikipita kwenye mkwaruzo mkali huzaa mngurumo wa noti ambazo hazimo kwenye wimbo. Punguza geini, yaani nguvu ya mkwaruzo, mpaka noti iliyodonolewa taratibu itoke safi, na iungurume tu ukiipiga kwa nguvu. Sauti ya fidla ya taarabu ni habari nyingine: inakwenda noti moja moja, kwa hiyo gitaa likiichukua linavumilia mkwaruzo wowote, na kwangu hapo ndipo EP nzima inaponoga.

Chemko tulilikata kwenye nyimbo tatu. Barua ikishasomwa imekwisha, na EP yenye nyimbo 4 hadi 6 inatakiwa isizidi dakika 30.

Dramu zilirekodiwa kwa maiki nne: mbili juu, moja kwenye kiki (dramu kubwa ya mguu), moja kwenye snea (dramu ndogo yenye mlio mkali). Chukua kamba ya katani, shika ncha moja katikati ya snea, na hakikisha maiki zote mbili za juu ziko umbali uleule. Zikipishana sentimita 30, sauti inafika ikiwa na tofauti ya karibu milisekunde 1, na snea inakonda. Nyuma ya dramu simamisha magodoro. Kanga ukutani hazisaidii: zinameza sauti nyembamba kidogo, nzito zinabaki zikizunguka chumbani.

Kwenye kuimba feni inazimwa, na joto la Tanga mnalijua. Maiki za kondensa hukwaruza unyevu ukiziingia, kwa hiyo zihifadhi kwenye boksi lenye vipakiti vya silika, au imba kwa maiki ya dainamiki. Adhana ina saa zake, unajipanga, bodaboda haina. Nunua kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia maiki kwenye laptop) inayokula umeme wa USB ili umeme ukikatika betri ya laptop ibebe kazi. Ukirekodi kwa ubora wa biti 24 na 48 kHz, kila njia ya sauti hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Njia 8 za wimbo wa dakika 4 ni kama MB 276, na hiyo ni mara moja tu ya kupiga.

Ruhusa itafutwe kabla ya kurekodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, hata bendi ikiwa ilishavunjika. COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ndipo pa kuulizia. Kubadili maneno kunahitaji ridhaa ya mtunzi ya pekee, mbali na ile ya kurekodi, na kwenye fomu ya msambazaji nafasi ya mtunzi huandikwa jina la mtu, si la bendi. Warithi wakiwa wengi, saini moja haitoshi: tuliomba waandike nani anawawakilisha, karatasi tukaipiga picha, ikakaa folda moja na faili za wimbo wenyewe.