Tani 127 za udongo ghorofani

Treni kutoka Trenton ilipunguza mwendo kuingia New Brunswick, jimbo la New Jersey, nikasogea dirishani. Hapakuwa na kikubwa cha kuona: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers na mabegi yao, miti ya Oktoba iliyoanza kuwa myekundu. Lakini mji huu nina deni nao. Hapa, mwaka 1943, kijana Albert Schatz alikuwa kwenye maabara ya Selman Waksman akichunguza bakteria wa udongoni, na katika udongo wa shamba lililojaa samadi akampata mmoja anayetengeneza dawa. Ndiyo streptomaisini, antibiotiki ya kwanza kuiweza TB. Miaka ya 1960 babu yangu alidungwa dawa hiyo katika hospitali ya TB ya Kibong'oto, Kilimanjaro, akarudi kihambani kwake akiwa mzima. Mama alizaliwa miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo niliposikia kuna chumba New York kilichojazwa udongo na kuitwa kazi ya sanaa, nilijua nitakwenda.

Nilishuka Penn Station, nikachukua treni ya chini ya ardhi hadi Prince Street. SoHo ni mtaa wa maduka ya nguo za bei mbaya na majengo marefu yenye nguzo za chuma cha kusubu. Namba 141 Wooster Street ni mlango wa kawaida kabisa. Unabonyeza kengele, unafunguliwa, unapanda ngazi. Hakuna kiingilio.

Harufu ilinipokea ngazini, kabla macho hayajaona kitu. Ilikuwa harufu ya shamba saa ile mvua ya kwanza ya vuli inapokatika. Nilisimama nikashika ukuta. Miaka sita nipo Marekani, na sikuwahi kuinusa hivyo ndani ya nyumba.

Chumba chenyewe ni cheupe, kimya, na sakafu yote imefunikwa udongo mweusi hadi usawa wa magoti yangu na zaidi: kina cha sentimita 56 kwenye eneo la mita za mraba 335. Uzito wake ni kama tani 127. Kwa malori yetu ya tani saba, hizo ni safari 18, zote zikapandishwa ghorofani. Kioo kifupi kinauzuia mlangoni, na hapo ndipo mgeni anaposimama. Huingii, hukanyagi, hupigi picha. Msanii Walter De Maria aliuweka mwaka 1977, na shirika la sanaa la Dia limeutunza hadi leo.

Niliinama hadi pua ikakaribia ukingo wa kioo. Kwa karibu udongo ule una madonge madogo kama ya unga wa ugali uliokorogwa vibaya, na mistari ya reki bado inaonekana. Juu ya donge moja palikuwa na tone la maji lisilozidi punje ya ulezi. Maana udongo huu humwagiliwa na kupigwa reki kila wiki. Bill Dilworth alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Miaka ya mwanzo uyoga ulikuwa ukichomoza wenyewe.

Wengi huandika kwamba kazi hii inahusu utulivu, kitu kisichobadilika katikati ya jiji lisilotulia. Mimi sikuona utulivu. Harufu ile hutolewa na viumbe hai, zaidi bakteria wa jamii ya Streptomyces, ndugu wa yule wa New Brunswick. Wanapotengeneza mbegu zao hutoa jeosmini, kemikali yenye harufu hiyo, na wadudu wadogo wa udongoni wanaorukaruka kama viroboto huifuata, huwala bakteria hao, kisha huondoka na mbegu mwilini kwenda kuzipanda kwingine. Pua ya binadamu nayo huinasa hata ikiwa chembe chache ndani ya trilioni. Kwa hiyo nilichokuwa nakivuta pale mlangoni kilikuwa kazi ya mamilioni wasioonekana, ghorofani, juu ya lami na mabomba ya Manhattan. Hao ndio niliowaendea. Nilikaa karibu saa nzima. Wageni walikuja, wakatazama dakika mbili, wakashuka.

Jioni, nikisubiri treni ya kurudi, nilimpigia Mama. Kwao ilikuwa usiku wa manane lakini alipokea.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini saa hizi?"

Nikamweleza chumba, nikamweleza na bakteria wa babu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na wamepanda nini humo?"

"Hawajapanda kitu, Mama. Upo tu. Wanaumwagilia."

"Wameufunika majani?"

"Hapana. Uko mtupu."

"Waambie waweke hata majani makavu ya migomba," akasema. "Udongo haulali uchi."