Kumsaidia mtoto sio kumganda

Mi ni mwalimu msaidizi kwenye darasa la watoto wadogo, wale wa miaka minne mpaka sita hivi, na humo ndani kuna watoto wenye mahitaji maalumu, yupo mwenye usonji, yaani anapata shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, yupo mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya achelewe kukua na kujifunza, yupo mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo unashindwa kuongoza misuli yake vizuri, na wapo ambao bado daktari hajasema wana nini ila ukikaa nao unaona kabisa kuna mahali wanakwama. Leo naomba niseme kitu ambacho nakiamini sana hata kama kuna wazazi na walimu wenzangu hawatakipenda. Mtu mzima akikaa ubavuni kwa mtoto kutwa nzima, yule mtoto hasaidiwi. Anatengwa akiwa humo humo darasani.

Maana hebu angalia kinachotokea. Mwalimu wa darasa akiona mtoto fulani ana mtu wake, taratibu anaacha kumuuliza maswali, anakuuliza wewe, "leo yukoje huyu, kamaliza?" na mtoto yupo hapo hapo anasikia. Wenzake nao kila wakiangalia kiti cha pembeni kina mtu mzima, sasa nani ataenda kukaa? Watoto wa miaka mitano hawachezi michezo yao ya kweli kweli mtu mzima akiwa kawainamia. Halafu mtoto mwenyewe anazoea, akipewa kazi hashiki hata penseli, anageuza shingo kukuangalia, anasubiri mkono wako uje.

Na hili wala sio langu peke yangu. Mwaka 1997 kule Marekani Michael Giangreco na wenzake walitoa utafiti kuhusu wasaidizi wanaokaa karibu mno na wanafunzi wenye ulemavu, wakakuta haya haya, mtoto anatengana na wenzake, anamtegemea mtu mzima kwa kila kitu, mwalimu wa darasa anajiweka pembeni. Baadae Uingereza ukafanyika mradi mkubwa wa utafiti kati ya 2003 na 2008 chini ya Peter Blatchford, na matokeo yalishtua watu wengi, kwamba wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walikuwa wanapiga hatua ndogo kimasomo kuliko wenzao wanaofanana nao waliopata msaada kidogo. Ila watafiti hawakuwabebesha wasaidizi lawama, walisema shida ni namna wanavyotumiwa, unaachiwa watoto wenye ugumu mkubwa bila kuandaliwa, hakuna muda wa kukaa na mwalimu mkapanga, mwisho kazi inakuwa ni karatasi ijae badala ya mtoto aelewe. Niliposoma hiyo sehemu nilisema haya ndo maisha yetu.

Najua mzazi akifika hapa moyo unamdunda, anaona kama nataka mwanae aachwe. Sivyo kabisa. Ninachosema ni kwamba msaada mwingi unatakiwa uwe umeshafanyika kabla mtoto hajaingia mlangoni.

Chukua mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kabla hujafikiria kumshika mkono aandike, angalia miguu yake, je nyayo zinagusa sakafu? Kama miguu inaning'inia na kiti kinamzidi, nguvu zake zote zinaisha kwenye kujizuia asianguke, mkono unabaki hauna kitu. Ukimwekea kitu cha kukanyagia na meza ikawa usawa wa viwiko vyake, unashangaa mtoto yule yule uliyedhani hawezi kushika rangi anaishika na anachora. Hapo hujamgusa hata kidole.

Au ratiba ya picha. Kuna watu wanaidharau wanaona ni mapambo ya ukutani, lakini kwa mtoto mwenye usonji, maneno yanapita, yakishatamkwa yamekwenda, picha inabaki pale anaweza kuirudia. Tunapanga picha za siku nzima kwa mstari, kitu kikiisha mtoto mwenyewe anaichomoa ile picha anaitia kwenye boksi la vilivyokwisha. Kwa wengine siku nzima ni ndefu mno, unawapa kadi mbili tu, kwanza hiki kisha kile. Kuna mtoto alikuwa kila tukitoka kwenye mchezo kwenda kusoma anajitupa chini analia mpaka anakosa pumzi, na watu walishaanza kumwita mkorofi. Tukaanza kumwonyesha kadi kabla muda haujaisha, tunaiweka mkononi mwake bila maneno mengi, anaiangalia, anaangalia vitu vyake alivyovipanga, anapanga vingine viwili harakaharaka, halafu anasimama. Hakupona kila siku, kuna siku bado analia, lakini kilichokuwa kinamwumiza ni kushtukizwa, na ukishajua hivyo huwezi tena kumwita mkorofi.

Hapo niseme neno kuhusu tabia. Mtoto mdogo asiyeweza kusema "kelele zinaniuma" atasema kwa mwili, ataziba masikio, atakimbia, atauma mtu. Kabla ya adhabu jiulize kabla tu ya tukio kulikuwa na nini, kengele imelia? Viti vimeburuzwa? Kapangiwa kukaa katikati ya watoto wanaomgusa gusa? Saa zingine hedifoni za kupunguza kelele na kona tulivu yenye mto vinamaliza kesi ambayo ofisini ilishaandikiwa ripoti tatu. Na kona tulivu isiwe sehemu ya adhabu, ukimpeleka mtoto kule kwa hasira mara moja umeshaiharibu.

Lakini kama kuna kitu kimoja natamani kila mtu darasani ajifunze ni kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 aliwapima walimu akakuta wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu ndo wanaruka kwa mtoto mwingine au wanajibu wenyewe, na walipofikisha sekunde tatu au zaidi majibu yakawa marefu na watoto wengi zaidi wakajitokeza kujibu. Hao ni watoto wa kawaida tu. Sasa mtoto mwenye sindromu ya Down, ambae mara nyingi usikivu wake una shida na kushika maneno aliyoyasikia sasa hivi ni kazi ngumu kwake kuliko kushika alichokiona, sekunde tatu zinamtosha wapi? Kuna binti darasani kwetu ukimuuliza kitu anakuangalia tu usoni, macho yanatulia, unaweza kudhani hajasikia. Mi nahesabu moyoni mpaka kumi, sirudii swali, sibadilishi maneno, maana ukibadilisha maneno umempa swali jipya na anaanza upya. Mdomo unaanza kusogea kidogo, mkono unapanda, anaonyesha picha, na ndo neno linatoka. Msaidizi mwenye haraka hawezi kulisikia neno hilo kamwe kwa sababu atakuwa ameshamjibia.

Na pale ambapo lazima umsaidie kwa mikono, basi saidia kwa mpango wa kujitoa. Mfano kuvaa viatu. Wengi tunaanza na mwanzo, tunamwambia vaa, anahangaika, muda unakwenda, tunamalizia sisi, kila siku mtoto anapata sehemu ya kushindwa na mtu mzima anapata sehemu ya kumaliza. Geuza. Wewe fanya mwanzo wote, ingiza mguu, vuta ulimi wa kiatu, mwachie ile hatua ya mwisho kabisa, kubana tu ule mkanda unaonata. Akibana kamaliza yeye, kiatu kavaa yeye. Akishaiweza hiyo unamwachia na hatua iliyo kabla yake, unarudi nyuma hivyo hivyo hatua kwa hatua mpaka siku kiatu chote kinakuwa chake. Inafanya kazi kwenye zipu, kwenye kunawa mikono, kwenye kuandika jina, herufi ya mwisho aandike yeye. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtu kujifanyia shughuli zake za kila siku, wanaitumia sana njia hii na haihitaji kifaa chochote, inahitaji mtu asiye na papara tu.

Watoto wenzake tusiwasahau, na hapa ndo mi huwa naona raha. Ukisogea hatua kadhaa ukajifanya unapanga vitabu, utaona mtoto mwingine anakuja, anakaa, anamsukumia mwenzake kikopo cha rangi. Hajui kitu kinaitwa ujumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja. Wakati mwingine wanaelewana kwa ishara ambazo sisi tulikuwa hatujazigundua. Tatizo kuna watoto nao wanageuka wasaidizi wadogo, wanambeba mwenzao, wanamfanyia kila kitu, hao unawaelekeza taratibu, mwulize kwanza kama anataka.

Wazazi, mnapokwenda shule swali la kwanza huwa ni mwanangu atapata msaidizi? Ni haki yenu kuuliza, Azimio la Salamanca la 1994, tamko la kimataifa kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lilisema watoto hawa wasome kwenye shule za kawaida pamoja na wenzao, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unadai wapewe msaada wanaouhitaji humo humo ndani ya elimu ya wote. Ila msiishie hapo. Ulizeni msaidizi atafanya nini na lini atakuwa mbali. Ulizeni mwalimu wa darasa mwenyewe anakaa na mwanangu saa ngapi, maana yeye ndo kasomea kufundisha, mara nyingi mtoto mwenye ugumu mkubwa kuliko wote ndo anaachiwa mtu mwenye mafunzo madogo kuliko wote na hilo linaniuma sana. Ulizeni pia msaidizi na mwalimu wanapata muda gani wa kukaa pamoja kabla ya somo, kwa sababu mimi nikikuta somo juu kwa juu nikiwa nimesimama nyuma ya darasa, nitakachoweza ni kumsukuma mtoto amalize, basi.

Na kitu kingine kidogo ila kina msaada mkubwa, andikeni karatasi moja kuhusu mtoto, upande mmoja tu, nyinyi na mwalimu na mtoto mwenyewe kama anaweza kuchagua picha zake. Anapenda nini, nini kinamtisha, akitaka maji anaonyeshaje, akichoka utajuaje kabla hajalipuka, kipi anakiweza mwenyewe na usimfanyie. Hiyo ya mwisho iandikeni kwa herufi kubwa na muibandike sehemu ambayo mtu mgeni ataiona, kwa sababu siku mi nikiumwa atakuja mtu mwingine ambae hamjui kabisa, na mtu asiyemjua mtoto kitu cha kwanza atakachofanya ni kumvalisha viatu.