Msanifu Anayeuliza Kabla ya Kuchora

Tulipoamua kupanua jiko na kuongeza vyumba viwili katika nyumba yetu, nilikutana na wasanifu majengo watatu, na nusura nimpe kazi yule aliyekuwa na picha za kuvutia kuliko wenzake. Picha zake za kompyuta ziliingiza jua la alasiri katika kila chumba, hata vile vinavyotazama mashariki. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo, nami namshukuru hadi leo.

Tuliyemchagua alikuja na futi na daftari. Kabla ya kuchora chochote alipima vyumba vyote, akagonga kuta, akapanda darini kuona ni zipi zinazobeba paa, kwa kuwa ukuta unaobeba mzigo hauvunjwi mpaka mhandisi wa miundo akokotoe boriti itakayoupokea mzigo huo. Kisha akauliza nani huamka mapema, nguo huanikwa wapi, na kama kuna mzee atakayekuja kuishi nasi. Swali hilo la mwisho lilibadili ramani nzima: chumba kimoja kililetwa chini, na mlango wake ukapewa upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite.

Kuhakikisha kwamba msanifu amesajiliwa ni jambo la siku moja. Linalohitaji subira ni kuzitembelea nyumba alizozisanifu, hasa zilizokwisha kupitiwa na misimu kadhaa ya mvua, na kuwauliza wenyewe kama maji hupenya pale paa jipya linapoungana na la zamani, na kama msanifu alionekana tena baada ya msingi kuchimbwa.

Ombeni pia kuona michoro yake ya kazi iliyopita, kwa sababu ramani ya kuombea kibali na ramani ya kujengea si kitu kimoja. Ya kwanza, ambayo mara nyingi huchorwa kwa kipimo cha 1:100, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja ya jengo, huonyesha vyumba na kuta. Fundi huhitaji zaidi michoro ya 1:20 au mikubwa kuliko hiyo, inayomwonyesha jinsi ngazi, madirisha na sakafu ya bafu vinavyokaa. Katika ujenzi wetu wa awali mchoro wa bafu haukuonyesha mwinamo wa sakafu, fundi akakisia, na maji yakawa yanatuama mlangoni miaka yote tuliyolitumia.

Kuhusu malipo, wengine hutoza asilimia ya gharama za ujenzi. Sioni ubaya wake, mradi mkataba useme ni gharama ipi, ya makadirio au ya mwisho, kwa maana ikiwa ni ya mwisho, ada hupanda kila gharama zinapopanda. Mkataba wetu ulitaja pia idadi ya marekebisho ya michoro, nani anamlipa mhandisi, na ziara za msanifu kwenye eneo la ujenzi: moja kabla ya kila zege kumwagwa, na moja kabla mabomba na nyaya hazijafunikwa kwa plasta.