Kumbukumbu ya mradi: vidonda saba kwenye fremu ya chuma ya baiskeli

Fremu ni nyekundu, ya chuma (sumaku inashika), na rangi imebanduka sehemu saba. Vidonda vinne viko upande wa chini wa bomba linaloshuka kutoka shingoni hadi kwenye pedali, pale changarawe za njia za msitu wa Karura zinaporushwa na gurudumu la mbele. Viwili viko kwenye bomba la juu ambako mnyororo wa kufuli hulazwa. Cha mwisho kiko nyuma, cheni inapopigapiga. Kikubwa kinatosha punje ya maharagwe, kidogo ni kama kichwa cha pini.

Siku ya 1. Ukaguzi kwanza. Pigo la jiwe huacha shimo lenye kingo kali. Mstari mwembamba wa kutu unaofuata kiungo, hasa shingoni au karibu na pedali, ni habari nyingine: huo huenda ni ufa, na hakuna rangi itakayouponya. Hapa hakuna ufa.

Kusafisha: maji na sabuni ya vyombo, kukausha, kisha spiriti kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisichafuke tena. Mafuta ya taa ni mazuri kwa cheni, lakini hapa yasiguswe. Yanaacha utando wa mafuta usioonekana, na juu yake rangi hukimbia na kuacha vijitundu kama macho ya samaki.

Kazi yenyewe iko kwenye kingo. Kidonda cha tatu kilionekana kidogo, milimita 3 hivi. Ncha ya wembe ilipoingizwa chini ya ukingo, rangi iliinuka kama ganda la kitunguu, na chini yake kutu ilikuwa imetambaa hadi milimita 8. Chochote kinachoinuka kiondolewe, hata kama kidonda kinakuwa kikubwa kuliko ulivyotaka. Ukipaka juu ya ukingo uliolegea, kutu itaendelea kutembea chini kwa chini, na mvua za Machi zikianza utaona malengelenge. Baada ya wembe, msasa namba 320 hadi chuma king'ae, kisha namba 600 kwenye ukingo, mpaka ukipitisha ukucha usikwame.

Kwenye vishimo ambako msasa haufiki iliwekwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, tone moja kwa kijiti cha meno. Muda wa kusubiri unaandikwa kwenye chupa, na masalia yafutwe kabisa. Chuma kitupu kisilale hivyo usiku mmoja: praima (rangi ya kwanza, ya msingi) ya redi oksaidi ilipigwa jioni ileile, koti moja jembamba, ndani ya kidonda tu.

Siku ya 2. Rangi ilichanganywa kwenye duka la rangi za magari, Kirinyaga Road. Chombo cha robo lita kinabaki karibu chote. Vidonda saba havimalizi mililita 10. Kuhusu kulinganisha: usipeleke rangi iliyojificha chini ya kibano cha kiti. Hiyo haijapigwa na jua, na nyekundu hupauka haraka kwenye jua la Nairobi. Linganisha na bomba la juu, nje, mchana, baada ya kulisugua kidogo kwa kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) ili vumbi lililokwama litoke. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mkebe na usubiri kikauke, maana rangi mbichi hudanganya.

Siku ya 3, hasara. Rangi ya duka ilikuwa imezimuliwa kwa thina kali ya magari, nayo praima ni ya mafuta na ilikuwa na siku mbili tu. Ndani ya dakika chache vidonda viwili vilikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Rangi ya kiwandani kando yake haikudhurika, kwa kuwa ilikaushwa kwenye tanuri. Viwili hivyo vilikwanguliwa hadi chuma na kuanza upya. Kipimo kilipaswa kufanywa mapema: gusa praima kwa pamba yenye thina ileile utakayotumia. Ikilainika, aidha isubiri zaidi, au tumia praima ya jamii moja na rangi. Safari hii vyote vilipewa praima ya magari, ikiwa ni pamoja na vile vitano ambavyo havikukunjamana, navyo vikikwanguliwa kwanza hadi chuma. Sikutaka kubahatisha.

Siku ya 5 hadi 8. Kidonda kidogo kwa kijiti cha meno, kikubwa kwa brashi ya kuchorea namba 0. Tone liwekwe katikati na liachwe lijitandaze lenyewe hadi ukingoni; ukilivuta kwa brashi linaacha mistari. Thina ikiruka rangi hubonyea, kwa hiyo makoti manne membamba, moja kwa siku. Tone moja nene hushika ngozi juu na kubaki bichi ndani. Kazi ilifanywa kati ya saa nne na saa tisa mchana. Huu ni Julai: jioni baridi na unyevu hushuka, na rangi ya thina kali inaweza kushika weupe juu, kama kioo chenye mvuke.

Siku ya 15. Rangi imesimama juu kidogo ya ile ya zamani, kama ilivyotakiwa. Msasa wa maji namba 1500 ulizungushiwa kipande cha ufutio cha upana wa kidole (kidole chenyewe huchimba bonde), halafu 2000, halafu kompaundi kwa kitambaa laini. Acha mara tu mng'ao wa rangi ya kiwandani unapoanza kufifia pembeni, ukizidisha unatoboa.

Tyubu kuukuu imekatwa na kuvishwa mnyororo wa kufuli, nyingine imezungushiwa bomba la nyuma chini ya cheni. Vidonda sita vimekamilika. Kile cha punje ya maharagwe bado kinaacha alama ya ukucha, kwa hiyo hakijaguswa na msasa. Kitaangaliwa tena Jumamosi.